Risala ya vijana wa skrepa Ipogolo kwa mgeni rasmi

Kamwene mheshimiwa mgeni rasmi, kamwene wazazi na mafundi wenzetu. Asante kwa kushuka mpaka huku Ipogolo, Iringa, maana wageni wengi wanaishia mjini juu.

Mheshimiwa, kazi yetu ni kununua chuma chakavu, kukikata na kukipakia kwenye fuso kwenda Dar. Mwaka jana mwenzetu alipewa tanki kuukuu la mafuta na gereji moja akaambiwa limeshaoshwa, kugusisha moto wa gesi tu, buuu! Mfuniko ukatua kwenye banda la mama lishe, maharage yote chini (tulilipa), na yeye akabaki hana nyusi.

Tangu siku ile tukawa tunachungulia kwenye simu wakataji wakubwa wanafanyaje, ndo tukakutana na mitambo ya mafuta ya baharini. Kumbe 1995 kampuni ya mafuta ya Shell walitaka kuizamisha Brent Spar, litanki la mafuta linaloelea, huko Atlantiki, watetezi wa mazingira wa Greenpeace wakapanda juu yake, Wajerumani wakasusia vituo vya mafuta vya Shell, mwisho likavutwa hadi Norway likakatwa mapete mapete yakawa msingi wa gati. 1998 nchi za kule zikapiga marufuku kuzamisha mitambo hiyo, labda kwa kibali maalumu. Halafu 2017 meli ya Pioneering Spirit ikanyanyua sehemu ya juu ya Brent Delta, mtambo mwingine wa Shell, tani 24,200 kwa mkupuo mmoja, ikapelekwa Hartlepool, Uingereza, kukatwa. Fuso letu mheshimiwa linabeba tani saba, piga hesabu mwenyewe hizo safari!

Ila kilichotushika sio ukubwa. Kule hawakati kabla ya kupima kilichomo, yaani mabaki ya mafuta, zebaki, asbestosi, hata ukoko wa ndani ya mabomba maana unaweza kuwa na mionzi. Na sakafu ya yadi haipitishi kitu, maji ya mvua yanakusanywa yanasafishwa kwanza. Sisi ya kwetu yanateremka Ruaha.

Bahari hatuna, sawa, lakini bomba la mafuta la Tazama, la kwenda Zambia, linapita mkoani kwetu tangu 1968 na gesi ya Songo Songo inatoka tangu 2004, vyuma hivyo navyo vitachoka na watatafutwa wakataji.

Tunaomba kipima gesi kimoja, miwani na barakoa za kukatia, na mwalimu hata wa wiki mbili. Zege la sakafu tumeanza wenyewe, mifuko kumi na mbili ya simenti iko stoo. Mwenzetu nyusi zimeshaota, yupo hapo nyuma, kakataa tusimtaje.

Naomba kuwasilisha.