Anayesita kuchanjwa ajibiwe kabla ya kutozwa faini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa kuifanya chanjo kuwa lazima kisheria, kwa kuwa naona wanaobishana wanawatia kapu moja watu wasiofanana: anayekataa katakata, na anayesita kwa sababu swali lake halijajibiwa.

Siandiki kupinga chanjo. Surua huenea kwa kasi kiasi kwamba takriban watu 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga ili isisambae, na mtoto mchanga ambaye hajafikisha umri wa kuchanjwa hukingwa zaidi na kinga ya wale wanaomzunguka. Kwa hiyo hoja ya kwamba mwili ni wangu na uamuzi ni wangu, ingawa naiheshimu, haitoshi pale ugonjwa wangu unapoweza kumuua mtoto wa mwenzangu.

Lakini amri peke yake ina historia mbaya. Mwaka 1904 Brazil ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wananchi kuchanjwa dhidi ya ndui, wakati ambapo nyumba za maskini wa Rio de Janeiro zilikuwa zikibomolewa na maofisa wa afya wakiingia majumbani mwa watu wakisindikizwa na polisi. Mji ukalipuka kwa ghasia za siku kadhaa, na ulazima huo ukaondolewa. Ndui ikarudi mwaka 1908 na kuua maelfu.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, ambaye Oktoba 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Chanjo ilikuwa karibu naye kila siku kazini, ila aliikwepa kwa kuhofia maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi jinsi woga ulivyomponza. Naamini mzazi mwenye hofu humwelewa mtu wa namna hii upesi kuliko anavyoielewa hati ya faini.

Basi iwapo sheria itakuja, na huenda ikahitajika, itanguliwe na wahudumu wenye muda wa kukaa na mzazi na kumjibu bila kumkaripia, na madhara ya chanjo, hata yakiwa nadra sana, yatangazwe waziwazi, kwani yakifichwa mara moja tu hata ukweli utakaofuata hautaaminiwa. Aidha, serikali inayomwamuru raia apokee sindano imejitwika deni: akitokea aliyedhurika, imtibu na kumlipa bila kumzungusha mahakamani kwa miaka. Nawaomba watunga sheria waweke kifungu cha fidia katika muswada uleule wenye kifungu cha adhabu, wala wasikiachie kanuni za baadaye.

Msomaji wako