Kwa Baba, Urambo: jinsi siga inavyopimwa huku Tampa

Ybor City, Tampa, Florida

Baba,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, na Bibi pia nampigia magoti. Mimi mzima, kazi ya kuonja na kupima siga inaendelea vizuri. Joto la huku si geni kwangu, ila lina unyevu mwingi, mtu analowa jasho hata akiwa amekaa kivulini.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali na mtandao ukatukatisha. Ulitaka kujua inakuwaje siga moja, tumbaku iliyosokotwa tu, iuzwe dola 12, na mtu ainunue, aiteketeze kwa moto na aondoke ameridhika. Wewe umepeleka mitumba ya tumbaku sokoni tangu sijazaliwa, kwa hiyo unastahili jibu kamili.

Kwanza, jani la siga halikaushwi kama letu. Sisi tunapanga majani kwenye bani, lile banda la kukaushia, tunakesha na kuni, na kwa muda wa wiki moja hivi jani limeshakuwa la njano, sukari imebaki ndani. Hiyo ni tumbaku ya sigara za kawaida. Jani la siga linaning'inizwa kwenye banda la kupitisha hewa, bila moto, wiki sita mpaka nane. Linageuka kahawia taratibu na sukari yake karibu yote inaisha. Hapo sisi tungekuwa tumeshaita mteuzi aje kupanga madaraja. Wao ndiyo kwanza wanalivundika. Wanarundika majani mpaka kimo cha mtu, na rundo linapata joto lenyewe kutoka ndani. Kipimajoto kinachomekwa katikati. Joto likizidi, rundo linabomolewa na kupangwa upya, ya ndani yatoke nje. Kazi hiyo ni ya miezi, na kwa majani ya juu ya mmea, yale mazito, inaweza kupita mwaka. Baada ya hapo majani yanafungwa na kulazwa ghalani tena.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu kosa la hapa ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye siga mbaya. Amonia hutoka jani linapovundikwa. Likiharakishwa, amonia inabaki, na mtu akiwasha siga anapata harufu ya zizi la mbuzi la asubuhi. Siga ya namna hiyo hata ivishwe utepe wa dhahabu, mimi naiweka chini.

Sasa ujenzi wake. Ulinifundisha kutenganisha majani ya chini, ya kati na ya juu kabla ya siku ya soko, na nilidhani ni kwa ajili ya madaraja ya bei tu. Kumbe siga nzima imesimama juu ya maarifa hayohayo. Majani ya chini yanashika moto vizuri, ya kati yana harufu, ya juu yana nguvu lakini yanaungua polepole. Msokotaji anayachanganya, na lile la juu analiweka katikati kabisa, kwa sababu likikaa pembeni upande mmoja utaungua na mwingine utabaki. Akimaliza anayafunga kwa jani moja imara, kisha anavika jani la mwisho la nje. Hilo la nje ndilo ghali kuliko yote. Halitakiwi kuwa na tundu wala mshipa mnene. Kule Connecticut, jimbo la hukuhuku Marekani, wamelilima kwa miaka mingi chini ya mahema ya kitambaa ili jua lisiligonge. Ecuador mawingu yanafanya kazi hiyo bure.

Lipo na la Afrika, Baba! Linatoka Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na watu wa huku wanaliheshimu sana. Nilipolishika mara ya kwanza nililipeleka dirishani. Ni jembamba, na ukilipitishia kidole unahisi vipele vidogovidogo vyenye mafuta. Likiungua, vipele hivyo vinabaki kwenye jivu kama nukta nyeupe. Moshi wake una utamu wa mbali sana, halafu pilipili manga kidogo. Ni gumu kulisokota kwa sababu linachanika upesi, na wasokotaji wengi hulikwepa.

Anayenifundisha kupima ni mzee mmoja msokotaji, mzaliwa wa Pinar del Río, Cuba. Hana haraka kabisa. Anaanza kwa macho: rangi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mafuta yaonekane kwa mbali. Kisha anaiminya kwa vidole viwili akishuka nayo kidogokidogo. Akikuta mahali palipobonyea anajua majani yalipungua, moto utakimbia hapo. Akikuta fundo gumu anajua hewa haitapita. Anaikata kichwa, na kabla ya kuwasha anavuta hewa tupu. Hapo ladha ya jani inakuja peke yake, bila moshi, na pia anajua kama njia iko wazi. Siga ikikataa kupitisha hewa, mengine yote hayana maana. Ladha nzuri kiasi gani itakusaidia nini kama haikufikii mdomoni?

Kuwasha nako kuna adabu yake. Moto haugusi siga, unaikaribia tu huku inazungushwa, mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Moshi wake hauendi mapafuni, unakaa mdomoni, na kidogo unatolewa kwa pua, maana pua ndiyo inayotambua mengi. Anavuta mara moja kwa dakika hivi. Ukiikimbiza inapata joto na kuwa chungu, na hapo kosa ni lako. Theluthi ya kwanza huwa nyepesi, ya mwisho ina nguvu, na siga njema inabadilika njiani bila kukuchosha.

Kuhusu ladha, wateja wanataja ngozi, kakao, mbao, udongo. Mwanzoni nilikuwa natafuta maneno yao, sasa nasema yangu. Nikionja karanga za kukaanga, nasema karanga za kukaanga. Kuna moja kutoka Estelí, Nicaragua, iliyonirudishia asali ya miombo kabisa, na mzee aliniomba nimweleze asali hiyo ikoje.

Na rangi isikudanganye. Wengi wanadhani siga nyeusi ndiyo kali. Weusi ule wa nje mara nyingi unatokana na kuvundikwa sana, na huleta utamu. Ukali unatoka kwenye majani ya juu yaliyo ndani, ambayo huyaoni. Jivu refu jeupe nalo watu wanajivunia, lakini halikwambii lolote kuhusu ladha. Ndiyo maana majaji makini wanavua tepe zote zenye majina na kuweka namba kabla ya kuonja. Tepe zikishatoka, siga ya dola 8 inaipita ya dola 30 mbele ya watu wazima wanaojua wanachofanya. Nimeona kwa macho yangu.

Kwa hiyo zile dola 12, Baba, nyingine ni kodi, nyingine ni faida ya muuzaji, nyingine ni jina. Lakini sehemu yake ya haki ni miaka ambayo jani lilikaa likingoja, na mikono isiyokosea. Kinachoniuma ni kwamba mteja anajua nchi, anajua kiwanda, ila aliyelima hatajwi. Natamani siku moja ukae kwenye meza ile ya majaji. Nusu ya hukumu iko kwenye vidole, na vyako vimelijua jani muda mrefu kuliko vya wengi wanaokaa pale.

Mwambie Bibi kitu atakachokipenda: mtaa huu wa Ybor City ulianza mwaka 1886 kwa viwanda vya siga, na wasokotaji walikuwa wakichanga fedha zao kumlipa mtu akae juu ya jukwaa, awasomee magazeti na hadithi wakiwa kazini. Mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji hao.

Mdogo wangu asisome barua hii akadhani namsifia uvutaji. Siga inaleta saratani ya mdomo na koo hata kama moshi hauingii mapafuni. Mimi naonja kwa ajili ya kazi, tena kidogo. Yeye asianze.

Nina ombi moja. Ile tumbaku ya kienyeji ambayo Bibi alikuwa akiianika kivulini kwa ajili ya ugoro, muulize kama alikuwa anaifunika kwanza mpaka ipate joto, na kwa siku ngapi. Mzee ameniuliza na sikuwa na jibu. Niandikie pia wateuzi wamefika lini msimu huu na majani ya juu wameyapa daraja gani.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao