Barua ya wazi kwa wazee na washirika wanaotafuta mchungaji

Ndugu zangu wazee wa baraza, mama zangu wa umoja wa wanawake, na ninyi vijana wetu wa kwaya, nawasalimu katika jina la Bwana.

Mwezi wa tatu unakwisha tangu tumzike mchungaji wetu, na tayari nimesikia majina matatu ya watakaoshika nafasi yake, moja kati ya hayo likitajwa na mwenye jina mwenyewe. Kwa umri wangu siwezi tena kusimama barazani kwa muda mrefu, kwa hiyo nimeandika, nikaomba barua hii isomwe mbele ya wote, ili pasiwepo wa kusema kwamba nilimnong'oneza fulani. Ninalolitaka ni moja: tumtafute mtu ambaye neno lake linategemewa na kijiji kizima, hata na wale wasioingia kanisani kwetu.

Sisi Wamennonite tu wachache hapa Muheza. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na Wakristo walio wengi ni Waanglikana, ambao misheni yao ya Magila ni ya karne ya kumi na tisa, au Walutheri wa Usambara. Kanisa letu lilianzia mbali, Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, Elam Stauffer na wenzake walipofika kutoka Pennsylvania, Marekani, na baba zetu wakaja nalo huku walipofuata kazi za mkonge. Usharika mdogo namna hii haujulikani kwa jengo wala kwa ngoma za kwaya. Unajulikana kwa mchungaji wake, na wa kwetu alijulikana shambani.

Mnakumbuka alivyoishi. Masika ilipoanza alikuwa katika mihogo yake kabla jua halijatoka, yeye na mama mchungaji, na siku za katikati ya juma alipanda baiskeli kwenda vituo vya mbali, akirudi usiku na matope hadi magotini. Mtu aliyemfuata na ugomvi alipewa jembe la pili, wakapalilia pamoja mistari miwili mitatu, kisha ndipo akaulizwa kilichomleta. Nimeona watu wawili walioapa kutosalimiana wakifika mwisho wa mstari wakiwa wameshapoa. Na Alhamisi ya kutawadhana miguu, tunapooshana kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake, yeye ndiye aliyemchagua yule ambaye sisi wengine tulitamani tusikae karibu naye.

Desturi hii ya mchungaji mkulima ina mizizi. Menno Simons, ambaye jina lake tunalibeba, alikuwa padri wa Kikatoliki huko Friesland, Uholanzi, mwenye kipato cha uhakika; mwaka 1536 aliyaacha hayo, na tangu hapo akawachunga watu huku akihamahama na mke na watoto, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi, hadi alipofariki mwaka 1561. Na huko Lancaster, Pennsylvania, walikotoka wamishenari wetu, kwa miaka mingi mchungaji alipatikana kwa kura kama ile iliyompata Mathiya katika Matendo ya Mitume. Washirika walitaja majina, waliotajwa wakaketi mbele ya vitabu vilivyofanana, kila mmoja akachukua kimoja, na aliyekuta kikaratasi ndani ya kitabu chake akawekewa mikono. Wengi wao walikuwa wakulima ambao siku iliyofuata walirudi kukamua ng'ombe zao, bila mshahara, na utumishi huo waliubeba maisha yao yote. Sisemi tuanze kura hiyo hapa. Nasema hapakuwa na nafasi ya mtu kupita nyumba hadi nyumba akijiombea.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kesi ya mpaka na jirani yangu Mwislamu, juu ya mistari minne ya michungwa. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwepo tangu zamani wakati mpaka ule ulipopandwa minyaa, kwa hiyo nilimtaja kuwa shahidi wangu nikiwa na hakika ya ushindi. Kwenye baraza la kesi alipewa Biblia aape. Akaeleza kwa upole kwamba sisi hatuapi, kwa kuwa Bwana alituagiza ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, akaomba aseme kweli bila kiapo. Kabla mwenyekiti hajajibu, jirani yangu alinyanyuka akasema kwamba yeye analikubali neno la mchungaji hivyo hivyo. Mchungaji akasema minyaa ilipita juu ya michungwa ile, si chini yake. Nikashindwa kesi kwa shahidi wangu mwenyewe.

Sikumsalimu kwa muda wa mavuno mawili. Yeye hakunitenga, wala hakuja kunieleza kwa nini alisema vile, maana hapakuwa na la kueleza. Alhamisi ya mwaka wa pili alikuja na beseni la maji akapiga magoti mbele yangu. Nawaandikia haya kwa sababu mtu wa namna ile ndiye ninayetaka tumpate: atakayeweza kunishinda mimi mzee wake mbele ya watu, kisha anitawadhe miguu.

Liko pia kosa letu, nami nalisema bila kuzunguka. Tuliyapenda mno majembe ya mchungaji kwa sababu yalitupunguzia sadaka. Alipougua, mama mchungaji aliuza mbuzi mmoja baada ya mwingine kwa nauli ya kwenda hospitali, nasi tukaja na maombi mikono mitupu. Mtume Paulo alishona mahema kwa hiari yake, lakini ni yeye huyo huyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba wanaoihubiri Injili wana haki ya kuishi kwayo. Mchungaji ajaye alime kama atakavyo. Sisi tusimlazimishe kulima kwa njaa. Na kabla ya vuli, tuanze na shamba la mjane wake.

Kuhusu majina matatu, Paulo anamtaka askofu awe ameshuhudiwa mema na watu walio nje. Basi kabla hamjapitisha jina, tuwaulize walio nje: wenye maduka wanaojua nani hulipa deni, na majirani wanaopakana nao mashamba. Mimi nimeshamwendea jirani yangu yule wa michungwa nikamwomba aje barazani Jumamosi aseme anavyowajua. Amekubali. Naomba apewe kiti cha mbele.

Wenu katika Bwana,
Mzee wenu, Muheza, Tanga