Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Nukta zilezile, baba na mwana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa. Kwa miaka minne, kuanzia 2012 hadi 2016, nilikuwa dobi katika kambi ya Bagram, Afghanistan. Nilifua sare za wanajeshi wa Marekani. Sijawahi kuiandikia serikali barua maishani mwangu. Nimeandika hii kwa sababu ya karatasi mbili zilizotandazwa kwenye mkeka wangu Jumapili iliyopita.

Ya kwanza ililetwa na mjane wa rafiki yangu. Huyu bwana tulilala kitanda cha juu na cha chini huko Bagram, na mwezi uliopita tumemzika. Mkewe alikuja na mfuko wa plastiki wenye vyote alivyorudi navyo mumewe: kitambulisho cha kambi kilichotobolewa, hati saba za mshahara, na mkataba wa kurasa nne uliokunjwa mpaka mikunjo imechanika. Kipengele cha 11 kinasema mfanyakazi atakatiwa bima kwa mujibu wa sheria. Chini yake pameandikwa "Jina la kampuni ya bima", halafu nukta, mstari mzima. Juu ya nukta hizo hapana hata herufi moja.

Karatasi ya pili ilitolewa na mtoto wao wa kiume, ana miaka 22. Ni mkataba wake mwenyewe. Amepata kazi ya bohari katika kambi ya Marekani nchini Kuwait, na ajenti anamdai shilingi 180,000. Kampuni ni nyingine, kurasa ni sita badala ya nne, hata chapa ya maandishi ni tofauti. Nilipapasa kidole mpaka nikafika penye bima. Nukta zilezile.

Mheshimiwa, nataka uelewe kazi hizi zinavyokwenda, kwa sababu sidhani wasaidizi wako wamewahi kukaa na mtu aliyezifanya. Jeshi la Marekani halimwajiri dobi. Linatoa kandarasi kwa mkandarasi mkuu, naye anamgawia kazi mkandarasi mdogo, huyo mdogo anamtafuta mwingine wa chini yake, mara nyingi mwenye ofisi Dubai, na huyo wa Dubai ndiye anayempigia simu ajenti wa Nairobi au Mombasa. Sisi tuko mwisho wa kamba. Kule walituita TCN, yaani raia wa nchi ya tatu: si Mmarekani, si Mwafghani. Tulikuwa Wakenya, Waganda, Wahindi, Wanepali na Wafilipino.

Sasa sikiliza. Katika miaka minne hiyo sikuhama banda. Mashine yangu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, na mpira wa mlango wake ulikuwa umepasuka upande wa kushoto, nikiuziba kwa kitambaa kila asubuhi. Mashine ile ile, sare zile zile, saa 12 kwa siku, siku 7 kwa wiki. Lakini mikataba nilitia saini mitatu, kwa sababu kandarasi ilihama mikono mara mbili. Wa kwanza ulinilipa dola 650 kwa mwezi na likizo ya kulipwa. Wa pili dola 480, likizo kwa gharama yangu. Wa tatu dola 400, na likizo haikutajwa kabisa. Mwenzangu wa mashine ya nne, Mganda, alikuwa chini ya kampuni nyingine tena, na yeye alikatwa pesa ya chakula. Kampuni moja ilinirudishia pasipoti yangu, nyingine ikaifungia kabatini Dubai. Ukiugua, kwa kampuni hii unamwona msimamizi, kwa ile unajaza fomu, kwa ile nyingine unaambiwa unywe maji ulale. Hakuna aliyejua haki yake, kwa sababu haki ilibadilika kila nembo ilipobadilika kwenye kofia ya msimamizi.

Wapo watakaosema kambi ya vita ina vurugu, kampuni ni nyingi, haiwezekani zote zifuate utaratibu mmoja. Nami nawajibu kwa macho yangu. Siku ya kwanza Bagram tulipangwa foleni. Tulichukuliwa alama za vidole vyote kumi, tukapigwa picha ya uso na ya mboni za macho, kisha tukapewa kitambulisho. Mkenya, Mnepali, dobi, mpishi, fundi wa jenereta, kampuni hii au ile: mashine moja, fomu moja, utaratibu mmoja. Hakuna mkandarasi aliyeruhusiwa kubuni wa kwake. Mwaka uliofuata rafiki yangu aliingia kwa kampuni tofauti kabisa na akapita pale pale nilipopita. Basi usawa unawezekana. Kwa usalama wa kambi uliwezekana siku moja. Kwa mgongo wa rafiki yangu haujawezekana mpaka leo.

Mgongo huo ndio uliomrudisha nyumbani. Usiku mmoja wa mwaka 2014 king'ora kililia, roketi inakuja, tukakimbilia handaki la zege. Yeye aliteleza kwenye changarawe, akaangukia kiuno kwenye ukingo wa zege, na watu wawili wakamwangukia. Roketi yenyewe ilianguka mbali, haikumgusa mtu. Kwa siku tisa hakuweza kuinama kutoa nguo kwenye mashine. Siku ya kumi akaambiwa mkataba wake umekwisha, na wiki haikupita akawa Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa, anatembea kama mzee. Hakupewa ripoti wala fomu. Tangu hapo hakufanya tena kazi ya kusimama. Sisemi mgongo ndio uliomwua, mimi si daktari. Nasema miaka yote hiyo alinunua dawa za maumivu kwa pesa ya mkewe ya maandazi.

Na haki ilikuwepo! Hili ndilo linaloniuma zaidi. Marekani wana sheria iitwayo Defense Base Act, ya mwaka 1941. Inataka kila anayefanya kazi chini ya kandarasi ya jeshi lao nje ya nchi awe na bima ya ajali na kifo, awe raia wa nchi yoyote. Asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya jeraha hulipwa theluthi mbili za mshahara wake wa wastani. Mkandarasi mdogo asipokata bima, mzigo unamrudia aliye juu yake. Lakini majeruhi ana siku 30 za kutoa taarifa na, kwa kawaida, mwaka mmoja wa kuwasilisha madai. Rafiki yangu aliisikia sheria hii mwaka 2018, kwa mtu aliyekutana naye kwenye feri. Angemwandikia nani? Kampuni iliyompeleka ilikwisha kufunga ofisi, na penye jina la mwenye bima palikuwa na nukta.

Sheria nzuri hazikosekani huko juu. Agosti 2004 vijana 12 wa Nepal waliokuwa wakipelekwa kufanya kazi Iraq waliuawa na wapiganaji, na magazeti ya Marekani yakafuatilia jinsi ajenti kwa ajenti walivyopokezana vijana hao kabla ya kifo chao. Mwaka 2006 Jenerali George Casey, aliyekuwa mkuu wa majeshi yaliyoongozwa na Marekani nchini Iraq, aliamuru wakandarasi wawarudishie wafanyakazi pasipoti zao. Septemba 2012 Rais Obama alitia saini amri ya kupiga marufuku kuwatoza wafanyakazi ada za kuajiriwa katika kandarasi za serikali yake, na mwaka 2015 amri hiyo ikaingizwa kwenye kanuni zao za ununuzi. Mwaka huo huo wa 2012 mimi nilikuwa nimeuza bangili za dhahabu za mke wangu ili nimlipe ajenti. Kanuni zinasema masharti haya lazima yashuke mpaka kwa mkandarasi wa mwisho. Kwenye karatasi yanashuka. Kwenye kamba niliyoishika mimi yalikwama juu.

Yamekwama kwa nini? Nitasema ninavyodhani. Kila ngazi ya kamba inataka kubaki na chake, na anayeshinda zabuni ni mwenye bei ya chini. Ukishakata faida mara tatu nne, cha kupunguza kinachobaki ni mtu: mshahara wake, likizo yake, bima yake. Na mkubwa wa juu haoni, kwa kuwa kila kampuni ina mkataba wake, fomu yake na namna yake ya kuhesabu saa. Huwezi kukagua vitu visivyofanana. Tume ya Bunge la Marekani iliyochunguza kandarasi za Iraq na Afghanistan ilisema mwaka 2011 kwamba kati ya dola bilioni 31 na bilioni 60 zilipotea kwa ubadhirifu na udanganyifu. Mabilioni, Mheshimiwa! Ndani ya hayo, malipo ya bima ya dobi mmoja ni tone.

Najua huna mamlaka juu ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani. Sikuombi miujiza. Lakini yapo yaliyo mikononi mwako leo, bila kusubiri mtu.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83 na vinavyofuata, inataka mkataba wa kazi ya nje uwe katika fomu iliyowekwa na uthibitishwe na afisa wa kazi, na afisa huyo ajiridhishe kwamba mfanyakazi ameuelewa. Mwajiri aliye nje anatakiwa kuweka dhamana. Kumpeleka mtu nje bila mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai. Mkataba wa kijana huyu hauna muhuri wa afisa yeyote. Ajenti amemwambia hayo ni ya wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, na kwamba "kazi za jeshi zina utaratibu wake". Kila ajenti wa kazi hizi anasema hivyo. Niliambiwa maneno hayo hayo mwaka 2012, kwenye ngazi za jengo moja la mjini, nikaamini.

Weka fomu moja, Mheshimiwa. Moja tu, kwa kila Mkenya anayekwenda kambi yoyote ya jeshi la kigeni, awe anapelekwa na nani, awe chini ya mkandarasi wa ngazi ya ngapi. Iwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Ionyeshe namba ya kandarasi kuu, jina la mkandarasi mkuu, jina la kila aliye katikati, mshahara, saa, likizo, na kampuni ya bima pamoja na namba ya bima yenyewe. Nakala ibaki wizarani, ili mtu akifa au akivunjika pawe na mahali mkewe atakwenda kuuliza. Kandarasi ikihama kampuni, masharti yasishuke. Isiyojazwa yote isipigwe muhuri, na asiye na muhuri asipande ndege.

Na mkikaa na Wamarekani, lisemeni. Septemba 2023 nchi yetu ilitia saini nao mkataba wa ushirikiano wa ulinzi wa miaka mitano. Mwaka 2024 wakatutangaza mshirika wao mkuu asiye mwanachama wa NATO, tukapiga makofi. Kambi wanayo hapa hapa pwani, Manda, kule Lamu. Mshirika mkuu anaweza kuomba kwamba mtoto wake apewe mkataba ule ule na bima ile ile, akifua Kuwait, akipika Djibouti au akizoa taka Iraq. Aprili 2025 Wamarekani walianza kuziandika upya kanuni zao zote za ununuzi wa serikali. Kanuni ikiwa wazi mezani ndipo mtu husogeza kiti. Zikishafungwa, tutaambiwa tulikuwa wapi.

Serikali hii imekuwa ikiwahimiza vijana waende kutafuta kazi ng'ambo. Imesemwa majukwaani, imesemwa redioni. Vijana wamesikia na wanakwenda, kwa sababu hapa hakuna. Siwazuii. Nyumba ninayoishi niliijenga kwa pesa ya Bagram, mawe na mabati, na watoto wangu wamesoma. Lakini mnapowahimiza, someni wanachotia saini.

Naweza kuyaacha mengine yote. Ukisema fomu itachukua muda, sawa. Ukisema Wamarekani hawasikii, sawa. Lakini mstari huo mmoja, Mheshimiwa, mstari wa bima. Ujazwe. Toa agizo kwamba hakuna Mkenya atakayepanda ndege kwenda kambi ya kijeshi huku mahali pa jina la kampuni ya bima pana nukta. Halihitaji Bunge, halihitaji bajeti. Linahitaji afisa mmoja mwenye kalamu, aangalie mstari mmoja kabla hajapiga muhuri.

Mjane alinitazama nilipokuwa nasoma karatasi ya mwanawe. Hajui kusoma Kiingereza, lakini aliniona nimesimamisha kidole. Akaniuliza, "Ni pale pale, baba?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni pale pale.

Mkataba wa kijana bado uko kwangu, nimeuweka kwenye droo. Ajenti anautaka ukiwa umesainiwa, pamoja na pesa. Nimemwomba kijana anipe wiki mbili nipate jibu lako, na amekubali kwa shingo upande, maana rafiki zake wawili wamekwisha kulipa.

Nangoja jibu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa dobi, Bagram
Likoni, Mombasa