Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli, Ada na Suala la Riale ya Mzinga

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wengine, habari za mchana.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu mnazijua, sitawachosha. Tulipanga mikutano kumi na miwili, ikafanyika minane. Mwezi wa nne tulikwenda Philadelphia kutazama kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu. Mwezi wa saba tulishika meza kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Mwezi wa kumi ikawa siku ya watoto, na hiyo, bila kujisifu, ilifana kwa sababu niliiandaa mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikata maduara ya kadibodi yenye upana wa sentimita nne kasoro, ukubwa wa reale nane, ile sarafu ya zamani ya Kihispania ya madini ya fedha, nikawapa watoto mikasi wayagawe nusu, robo na thumuni (moja ya nane), kama wafanyabiashara wa zamani wa hapa Marekani walivyozikata za fedha halisi kwa patasi walipokosa chenji. Binti mmoja wa miaka tisa alitoa vipande tisa katika duara moja. Nilimwambia angezaliwa miaka mia mbili hamsini iliyopita angekuwa tajiri, maana walaghai wa wakati ule walifanya hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye sarafu, kwani najua ndiyo iliyowatoa majumbani leo.

Mwezi wa tano nilinunua kwa fedha za chama reale nane moja ya mwaka 1761, iliyopigwa Jiji la Mexico, kwa dola 385. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kutumia hadi dola 150 bila idhini ya kamati. Nimeisoma, nilishiriki kuiandika, siikani. Lakini kamati niliiita mara mbili. Mara ya kwanza tulikuja watu wawili, mara ya pili nilikuja mimi na mlinzi wa jengo. Muuzaji alikuwa ameniwekea mpaka Jumamosi. Nikampigia simu Mama Mweka Hazina, nikamweleza bei, naye akasema, "Haya." Yeye leo anasema "haya" ile ilikuwa ya kuniaga. Mimi niliichukua kuwa ya kukubali. Naliacha hapo, mwanachama apime.

Hoja zilizotolewa kwenye kundi letu la WhatsApp ni tatu, na nitazijibu zote kwa sababu nilinyamaza wiki sita nikitukanwa.

Ya kwanza: kwamba sarafu ya Mhispania haituhusu, si ya Uswahilini, si ya Marekani. Ndugu zangu, ni ya kote kuwili. Tuanze na Marekani. Waingereza walizuia sarafu zao zisisafirishwe kuja makoloni, na kile kidogo kilichofika kilirudi London kulipia bidhaa. Watu wa huku wakauza unga, samaki wa chumvi na mbao kwenye visiwa vya Karibiani, wakarudi na fedha ya Mexico na ya Potosí, machimbo ya Bolivia. Reale nane moja ilihesabiwa shilingi sita Massachusetts na Virginia, saba na nusu Pennsylvania, nane New York. Sarafu ni ile ile, kila koloni na hesabu yake. Noti za kwanza za Bunge la Mapinduzi, mwaka 1775, zilimwahidi mwenye noti alipwe dola za Kihispania, yaani hizo hizo reale nane. Na sheria ya tarehe 2 Aprili 1792, iliyoanzisha kiwanda kile kile mlichokwenda kupiga nacho picha, inasema dola ya Marekani iwe na thamani ya dola ya Kihispania inayotumika wakati huo. Maana yake, mfano ulikuwa wa Mhispania, na Mmarekani akanakili. Tena kiwanda hakikuweza kupiga za kutosha, kwa hiyo mwaka uliofuata sheria nyingine ikaruhusu za Kihispania ziendelee kuwa pesa halali. Ziliendelea mpaka Februari 1857! Walioishi wakati ule walibeba sura za wafalme wa Hispania mfukoni miaka themanini baada ya kumfukuza mfalme wao wenyewe. Hata soko la hisa la New York liliendelea kutaja bei kwa thumuni za dola hadi 1997, na mpaka leo Mmarekani ukimpa robo dola anaweza kuiita biti mbili, yaani thumuni mbili.

Na Uswahilini? Itazameni sarafu yenyewe. Upande mmoja ina dunia mbili zilizovishwa taji moja, zimesimama juu ya mawimbi katikati ya nguzo mbili. Ni nguzo za Hercules, pale bahari ya Kati inapofunguka. Waarabu walipoziona nguzo wakadhani ni mizinga, wakaiita sarafu "baba wa mzinga". Nasi pwani tukaiita riale ya mzinga, ili isichanganywe na riale ya Sham, ile yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Neno lenyewe riale ni hilo hilo "real" la Wahispania na Wareno. (Mjumbe aliyeandika kwamba hata "pesa" imetokana na "peso" namsihi afute ujumbe ule. Pesa ni paisa, ya Kihindi.) Na wangapi humu tulitumwa dukani tukiwa na sumuni mkononi? Senti hamsini ni nusu ya shilingi, kwa nini tuliiita thumuni, moja ya nane? Kwa sababu jina lilibaki na watu kutoka enzi za kuhesabu kwa riale. Muuza duka wa Boston na muuza duka wa Malindi wa Unguja waligawa kwa nane kwa sababu moja, na sababu hiyo iko kwenye boksi la Mama Mweka Hazina.

Hoja ya pili: kwamba hii ni fedha ya damu. Hilo sibishani nalo. Wenyeji wa milima ya Bolivia walilazimishwa kwa zamu kuchimba Potosí, na visiwa vilivyonunua unga wa Philadelphia vililimwa miwa na watumwa, watu wetu. Aliyeleta hoja hii ana haki, na ningependa atupe mada siku moja. Ila asitupendekezee Maria Theresa kama mbadala msafi. Hiyo nayo imehesabiwa soko la Unguja kulipia vichwa vya watu.

Ya tatu iliniuma zaidi: kwamba nimeuziwa bandia. Bandia nilishauziwa, mwaka juzi, kwa pesa yangu, na aliyegundua ni mtoto wangu aliyeiweka karibu na sumaku ya friji ikarukia. Tangu hapo nimejifunza. Hii niliipima kwa mizani ya jikoni ninayopimia iliki: gramu 26.8. Kipimo chake ikiwa mpya ni gramu 27 na kidogo, kwa hiyo imepoteza kile kinachopotea kwa kushikwashikwa. Kisha nikaangalia ukingo kwa kioo cha kukuzia. Za aina ya nguzo zina majani yaliyolaliana kuzunguka ukingo wote, wakati zile za sura ya mfalme zilizofuata kuanzia 1772 zina duara na mstatili kwa kupokezana. Yetu ina majani, na pale mashine ilipokutanisha mwanzo na mwisho yamepandana, mahali pawili, panapotazamana. Ina mkwaruzo chini ya mwaka na kuna aliyeisugua zamani, ndiyo maana bei ilishuka. Muuzaji mwingine, asiyefaidika na chochote, aliitazama kwenye maonyesho akasema ni halali. Waliotilia shaka niliwaalika waje waione. Hakuna aliyekuja.

Hapo ndipo nafika kwenye mahudhurio. Tuko wanachama 31. Mkutano uliojaa zaidi ulikuwa wa watu 14, nao ulikuwa na pilau. Wa mwezi wa tatu tulikuwa saba, na wawili kati yao walikuwa wamekosea chumba. Watu wana kazi za zamu, wana watoto, barabara ni ndefu, naelewa. Lakini mtu anayepata muda wa kuandika aya nne saa saba za usiku kunishambulia, hakosi saa mbili za Jumamosi moja kwa mwezi.

Ada ni dola 40 kwa mwaka, haijapanda tangu nilipochaguliwa. Wamelipa 12. Wanaodaiwa ni 19, jumla dola 760, karibu mara mbili ya bei ya sarafu tunayogombania. Majina sitayasoma. Nitasema tu kwamba kati ya watu watano waliolalamika kwa sauti kubwa juu ya matumizi ya fedha za chama, wanne hawana fedha yoyote ndani ya chama.

Hesabu kwa kifupi. Tulianza na dola 612, ada 480, mauzo ya mezani kwenye maonyesho 95, jumla 1,187. Tumetumia sarafu 385, ukumbi 240, gari la Philadelphia 210, meza 75, siku ya watoto 58, jumla 968. Zimebaki 219. Kadibodi na mikasi nilinunua mwenyewe, sikudai.

Mwakani, Mungu akipenda, tutajaribu kuandaa onyesho dogo la sarafu zilizotumika pande zote mbili za bahari, pengine kwenye maktaba, pengine kwingine, kulingana na hali. Safari nyingine pia inafikiriwa. Marekebisho ya kile kifungu cha dola 150 yataletwa kamati ikitimia.

Riale iko mezani kwa Mama Mweka Hazina, na mizani nimekuja nayo. Anayetaka kuipima aipime leo, mbele ya watu, na aishike kwa ukingo.

Naomba kuwasilisha.