Risala ya Kikundi cha Elimu ya Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mkoa wa Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu na ndugu wananchi: itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako, tena msimu wa korosho, ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili la kuazima.

Mheshimiwa, tulianza watu 7 kivulini mwa mkorosho. Leo tuko 23. Mafanikio ni makubwa mno: tuna mhuri, tuna daftari la mahudhurio, na nakala yetu ya Katiba ya 1977 imezunguka nyumba kwa nyumba hadi jalada limetoka. Changamoto zipo, viti na kadhalika, ila leo hatuzitaji. Tunalo ombi moja.

Ombi hili lilishasomwa hapa hapa mbele ya mgeni rasmi aliyetangulia. Alisema amelipokea na atalifanyia kazi. Jioni, tukikunja turubai, tuliikuta risala mezani, imewekewa chupa ya maji juu isipeperuke. Hatulaumu. Pengine alikuwa na nakala nyingine.

Tunaomba chombo huru cha kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi.

Usidhani tunataka jimbo jipya. Mei 2025 yalipotangazwa majimbo mapya 8, yote nchini yakawa 272, Mtwara haikupata hata moja, na kwa idadi ya watu hatuna la kulalamika. Sensa ya 2022 ilituhesabu 1,634,947, nasi tuna majimbo 10. Dar es Salaam ni watu 5,383,728 kwa majimbo 12. Anayepunjika ni mtu wa Mbagala, si sisi. (Sentensi hii tuliibishania sana kikaoni, wapo walioona tunajichongea.)

Linalotukera ni nani anashika kipimo. Hapa kila mtu anaijua kangomba: mnunuzi wa korosho anakuja na kopo lake, anajaza mwenyewe, anahesabu mwenyewe, mkulima anatazama. Si lazima awe mwizi, lakini kopo ni lake. Sasa Ibara ya 75 ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi hugawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais. Wajumbe wa Tume huteuliwa na Rais. Na Rais yeyote, wa chama chochote, ana chama chenye wagombea. Mwananchi asiyeridhika naye hana pa kwenda, maana Ibara ya 74 inazizuia mahakama kuchunguza jambo lililofanywa na Tume katika kazi zake. Sheria ya 2024 imeipa jina la Tume Huru, tunapongeza, ila ibara hizo ziko palepale.

Jirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, asiyeridhika na mipaka ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Huko California, Marekani, kura ya wananchi ya 2008 iliwapokonya wabunge wa bunge lao la ndani kazi ya kujichorea mipaka, wakapewa wananchi 14: watano watano kutoka vyama viwili vikubwa, na wanne wasio wa vyama hivyo.

Tunajua kubadili Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge, nawe ni mmoja. Tunajua pia si rahisi kumwomba mtu aihoji kamba iliyozungushiwa shamba lake. Basi tunaomba hoja binafsi tu: isomwe Bungeni, iingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, tuione kwa macho. "Nitalifanyia kazi" tunayo tayari, tumeihifadhi.

Nakala zimechapwa tatu: yako, ya katibu wako, na ya tatu ni ya kutia sahihi kwamba umepokea, tubaki nayo sisi. Kalamu iko hapo mezani, karibu na maji.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanakikundi.