Harambee ya vipaza sauti: watu wa mabenchi ya nyuma nao wasikie Neno

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa!

Naandika kwa niaba ya kamati ya harambee ya parokia, na kabla hujapita haraka ukidhani ni ule mchango wa kila siku naomba usome mpaka mwisho, maana hii inakuhusu, hasa kama wewe ni mtu wa kukaa nyuma. Tunatafuta hela ya kuweka vipaza sauti vipya kanisani, mfumo mzima yaani, maiki, mixa (kile chombo cha kuchanganya na kurekebisha sauti), amplifaya, spika na nyaya zake zote, kwa sababu hivi tulivyonavyo vimechoka kabisa, fundi aliyekuja kuvifungua alicheka kwanza ndo akaanza kazi.

Hali mnaijua wenyewe. Msomaji anapanda mimbarini, anasema "Somo katika kitabu cha nabii Isaya", na kuanzia hapo kama umekaa nusu ya nyuma ya kanisa unachopata ni mvumo tu, kama mtu anaongelea ndani ya mtungi. Unasikia kuna mtu anasoma lakini anasoma nini hujui. Mwishoni unasikia wa mbele wanajibu "Tumshukuru Mungu" na wewe unajibu, unamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hukukisikia. Wakati wa mageuzo watu wa nyuma wanapiga magoti kwa kuangalia wenzao wa mbele, na Nasadiki ndo usiseme, mbele wameshafika kwa Ponsyo Pilato nyuma bado wanaumba mbingu na dunia.

Sasa wapo wanaosema ongezeni sauti basi, si kuna kitufe. Jamani hicho kitufe tumekizungusha sana. Ukiongeza, maiki inaanza kunasa sauti inayotoka kwenye spika yake yenyewe, inairudisha kwenye amplifaya, inatoka tena kubwa zaidi, inanaswa tena, na hapo ndo unapata ule mlio wa kupasua masikio ambao umeshawaliza watoto zaidi ya ubatizo. Na hata pasipokuwa na mlio, shida yetu siyo udogo wa sauti, shida ni kwamba haieleweki. Kuta za kanisa ni ngumu, dari iko juu, sakafu ni ngumu, kwa hiyo kila neno linagonga kila mahali na kurudi, neno la kwanza halijaisha kurudi la pili limeshatoka, yanapandiana. Spika zetu mbili kubwa ziko mbele zote na zimeelekea juu kidogo, sijui nani alizifunga hivyo, kwa hiyo zinahubiria dari. Ukiziongezea nguvu unaongeza na mwangwi wake.

Na kwenye Kiswahili silabi moja ikimezwa ni hatari. Katika Yohane tunasomewa kwamba amwaminiye Mwana hahukumiwi, sasa ile "ha" ya mwanzo ikipotelea kwenye dari mtu wa benchi la nyuma anarudi nyumbani akijua kinyume chake. Tunacheka, lakini ndo hivyo.

Mtaalamu wa sauti aliyetusaidia kukagua (hakutulipisha, Mungu ambariki) ametueleza kwamba kanisa kama letu halihitaji spika kubwa, linahitaji spika ndogo ndogo nyembamba zile ndefu za kusimama, zifungwe kwenye nguzo pande zote mbili kuanzia mbele mpaka nyuma, kila moja iwahudumie watu walio karibu nayo kwa sauti ya chini tu. Hizo zinasambaza sauti kwa upana lakini siyo juu sana, kwa hiyo sauti inaenda kwa watu badala ya kwenda kwenye paa. Halafu zile za nyuma zinacheleweshwa kidogo sana kwa kutumia mixa, maana sauti hewani inatembea mita 340 hivi kwa sekunde wakati kwenye waya inafika papo hapo, ukiziacha bila kuzichelewesha mtu wa nyuma anasikia neno mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwenye nguzo na mara ya pili kutoka mbele. Mimi nilikuwa sijui kama kuna elimu yote hiyo kwenye spika.

Kuna kitu kingine tumekiweka kwenye bajeti ambacho najua kitaulizwa, ni ule waya unaozungushwa sakafuni kwa ajili ya wanaovaa vifaa vya kusikia. Mtu anabadilisha kifaa chake kiende kwenye alama ya T, basi anapokea sauti ya maiki moja kwa moja sikioni bila mwangwi, bila kikohozi cha jirani. Siyo vifaa vyote vina hiyo T lakini vingi vinayo. Tuna wazee hapa waliofundisha katekisimu karibu nusu ya parokia hii, leo wanakaa benchi la kwanza wanaangalia midomo ya padre. Hicho kipengele mimi binafsi sikubali kikatwe hata hela zikipungua, bora tupunguze spika za nje.

Spika za nje nazo zina sababu. Kina mama wenye watoto wachanga wanatoka nje mtoto akianza kulia, na wakitoka Misa yao imeishia hapo, wanabaki kubembeleza mtoto huku wanachungulia mlangoni wajue tumefika wapi.

Niseme kidogo na wiki yetu inavyoenda maana wengi tunaiona Jumapili tu, tunadhani inajitokeza yenyewe. Hakuna siku parokia imelala. Misa ya asubuhi ipo kila siku, wanakuja wale wale wachache wanakaa mbele karibu na altare, pale maiki wala haihitajiki. Jumatatu sakristani anasuuza vile vitambaa vya altare kwa mkono kabla havijaenda kufuliwa, na maji yake anayamwaga ardhini kwa heshima, siyo kwenye bomba la maji machafu. Lejio ya Maria wana mkutano wao, jumuiya zinasali nyumbani kwa watu, Alhamisi kuna kuabudu Ekaristi halafu kwaya wanaingia mazoezini na sauti ya nne bado inatafuta watu kama kawaida. Wahudumu wa Ekaristi wanawapelekea Komunyo wagonjwa. Kwaresima ikifika Ijumaa tunafanya Njia ya Msalaba, vituo 14, na kwa kuwa padre anatembea na maiki yenye waya mfupi ikifika kituo cha saba hivi anaiacha anatumia koo lake. Jumamosi ndo kanisa linajaa kazi, watoto wa mafundisho, watumikiaji wanagombania chetezo, maungamo, kina mama wa maua, waliopangiwa zamu ya kufagia.

Lakini wanaonigusa mimi ni wasomaji. Wanapewa masomo yao mapema na wanakuja kufanya mazoezi kanisani hakuna mtu. Katekista anaenda kukaa benchi la mwisho kabisa, msomaji anasoma, na kila asipoelewa neno katekista anainua mkono, msomaji anarudia. Kabla ya Pentekoste kulikuwa na dada mmoja ana lile somo la Matendo ya Mitume lenye Waparthi na Wamedi na Waelamu na Frigia na Pamfilia, mkono wa katekista ulikuwa hauteremki. Yule dada hakukata tamaa, alipunguza mwendo, akatenganisha kila jina, akarudia na kurudia mpaka mkono ukatulia. Jumapili akasoma vizuri kweli kweli, mimi nilikuwa mbele nilisikia Pamfilia yote. Nikamuuliza mzee mmoja wa nyuma baada ya Misa, somo uliliona? Akaniambia nilimwona anasoma.

Na masomo ya Jumapili siyo kwamba ukiyakosa leo utayapata wiki ijayo. Tangu utaratibu mpya wa masomo ulipotoka mwaka 1969 yanaenda kwa mzunguko wa miaka 3, mwaka A Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka, na Yohane anasomwa zaidi kipindi cha Pasaka. Kwa hiyo somo la Jumapili hii lililopotelea kwenye dari mzunguko wake unarudi baada ya miaka 3, na spika zikiwa ni hizi hizi litapotelea pale pale.

Wengine wameshaanza kusema haya ni mambo ya anasa, kanisa siyo ukumbi wa disko. Sawa, lakini maelekezo ya jumla ya Misale ya Kiroma (kitabu cha kuadhimishia Misa), namba 311, yanataka waamini wawaone padre, shemasi na wasomaji na pia wawasikie bila taabu, na yanataja wazi kutumia vyombo vya kisasa vya kiufundi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati yake ya Liturujia, ile ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisisitiza waamini washiriki kikamilifu na kwa kuelewa, na ukafungua mlango wa lugha za watu. Sasa tumetolewa kwenye Kilatini tukapewa lugha tunayoielewa, halafu tunashindwa kuielewa kwa sababu ya waya mbovu?

Swali la maskini nalo limeulizwa, na ni swali zuri, nani atalisha wahitaji kama hela zote zinaenda kwenye spika. Jibu ni kwamba hazichanganywi. Mtakatifu Yustino aliandika katikati ya karne ya 2 akimweleza Kaisari Wakristo wanafanya nini Jumapili, na ukisoma utashangaa ni Misa yetu hii hii, wanakusanyika, yanasomwa maandishi ya mitume au manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wanasali, mkate na divai vinaletwa, wasiokuwepo wanapelekewa na mashemasi, halafu wenye nacho wanatoa kila mtu anavyotaka na mchango unasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sanduku la wahitaji kama hao kwetu lipo na halitaguswa. Sadaka za Jumapili na zaka nazo zinaendelea na kazi zake. Harambee hii ina akaunti yake, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1267, inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kamati ya fedha ya parokia, ambayo kwa kanuni ya 537 kila parokia lazima iwe nayo, ndo itakayosimamia manunuzi, siyo sisi wa kamati ya harambee, sisi kazi yetu ni kusumbua watu.

Bajeti nzima imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni, kila kifaa na bei yake, na ankara tatu kutoka kwa wauzaji tofauti tofauti ili mtu alinganishe mwenyewe. Ukiona kitu ni ghali na unajua pa kupata kwa bei nafuu usinung'unike nje ya geti, njoo utuambie, tutakushukuru sana tena tutakutuma wewe.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao baada ya Misa ya pili. Fomu za ahadi ziko kwa viongozi wa jumuiya, vikundi na kwaya, unaweza kutoa yote siku hiyo au kidogo kidogo mpaka umalize, na kila unapotoa dai stakabadhi, usikubali "nitakuandikia baadaye" hata kama anayesema hivyo ni mimi. Vijana wameomba wachukue gharama ya maiki ya mimbarini peke yao, tumewaachia. Kina mama wamechukua nguzo za upande wa kushoto, kina baba sijawasikia bado, nguzo za kulia zinawasubiri.

Hatutasoma majina na kiasi kanisani. Kwenye kamati tulibishana sana kuhusu hilo maana wapo wanaoamini watu wanatoa zaidi wakitajwa, inawezekana, lakini yule mjane wa senti mbili kwenye Injili hakusomwa kwenye kipaza sauti na Yesu alimwona. Mwenye kidogo alete kidogo asione aibu, asiyenacho kabisa asikae nyumbani siku hiyo kwa kuogopa, hii ni Misa siyo kiingilio.

Mnaotaka kutoa kazi badala ya hela tunawahitaji kweli. Mafundi umeme wa kupitisha nyaya upya, mafundi seremala wa kutengeneza kabati la mixa lenye kufuli (watoto wa mafundisho wameshajua kila kitufe kinafanya nini), watu wa kupanda ngazi, watu wa kushika ngazi. Na tunatafuta watu wanne hivi wenye subira wafundishwe kuendesha mitambo na wapangiwe zamu, maana mfumo mpya bila mtu anayeujua baada ya mwaka tutarudi hapa hapa. Wasomaji na wanakwaya wote watapewa semina fupi ya kutumia maiki, kuisogelea bila kuimeza.

Kwa walio mbali, mliobatizwa au kufunga ndoa hapa mkahama, namba ya akaunti ataitoa mweka hazina mwenyewe kwa atakayempigia au kufika ofisi ya parokia saa za kazi. Msitume hela kwa namba yoyote mtakayoiona inazunguka kwenye simu, hata ikiwa na picha ya kanisa letu.

Kikao kijacho cha kamati ni Jumatano jioni baada ya Misa kwenye ukumbi mdogo, kiko wazi kwa yeyote. Mtaalamu atakuja na spika moja ya mfano, tutaifunga kwenye nguzo ya mwisho na yule dada wa Pamfilia atasoma, njooni mkae nyuma msikilize wenyewe kabla hamjajaza fomu.